Mama Vero Akisinzia, Rudi kwa Kaye

Vijana wangu mnaofundisha klasi ya sita ya sekondari,

Tangu mliponiaga kwa keki kavu na saa ya ukutani, mmekuwa mkinisumbua na neno moja: Papa Prof, tuandikie ulivyokuwa ukiwatayarisha wanafunzi kwa mtihani wa Serikali. Haya, naandika. Nafasi ninayo. Nje, kwenye mtaa wetu huu wa Lubumbashi, komini ya Kenya isiyojua kunyamaza, mafundi wanagonga mabati, makanisa yanashindana kwa vipaza sauti, na vijana wa pikipiki wanatukanana kwenye kona. Ndani ya nyumba yangu hakuna anayesema isipokuwa hiyo saa yenu. Mngenipa redio.

Anayetaka habari za vyeo na mishahara aulize ofisini, akibahatika kukuta mtu. Mimi nitasema ya chaki.

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora moyo. Nilikuwa nimenunua chaki za rangi mwenyewe, nyekundu kwa damu safi, buluu kwa damu chafu, nikachora moyo wa binadamu mzuri hata nikarudi nyuma kuutazama. Nikaeleza kwa Kifaransa cha chuo, mbio mbio, mgongo kwa wanafunzi. Nilipogeuka, maneno yangu yalikuwa yamekwisha na kipindi hakijafika hata nusu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja wa nyuma akainua mkono, nikafurahi, kumbe anataka kwenda chooni.

Mlangoni alikuwa amesimama Papa Ilunga, mwalimu wa fizikia wa klasi ya jirani. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, watu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa joto la Oktoba. Akatazama ubao. Akatazama wanafunzi. Kisha akanivuta pembeni.

"Umefundisha ubao muzuri," akasema. "Ubao ulisikia yote. Sasa hawa batoto, utabafundisha siku gani?"

Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikaanza kwenda kukaa nyuma ya klasi yake kila nilipokuwa na kipindi kitupu, na huko ndiko nilikojifunza kazi. Chuo kilinipa karatasi tu.

Majira ya marudio yalipofika, Papa Ilunga aliwaagiza wanafunzi walete mezani makaye yao yote, yale madaftari ya masomo. Aliyafungia kabatini, ufunguo akautia mfuko wa shati, akakaa, akafunga mikono. "Sasa semeni," akasema. Utafikiri amewafungia chakula. Wengine walimlilia wazi wazi. Yeye alingoja tu, hakupiga kelele hata siku moja. Aliniambia baadaye kwamba kinachobaki kichwani wakati kaye iko kabatini ndicho mtoto atakachoingia nacho kwenye mtihani, na mtoto heri ajue leo kwamba hana kitu, kuliko kujua siku ile mbele ya msimamizi.

Ninyi mnaujua ugonjwa wetu wa Lubumbashi. Pita asubuhi kando ya ukuta wowote mrefu, wa parokia au wa karakana, utawakuta: kaye kifuani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, midomo inaimba Kifaransa. Wanashika somo kwa miguu. Ufafanuzi wa kwanza unaanzia kwenye lango, wa pili unaishia kwenye bomba la maji. Ukimkatiza katikati, ukamuuliza neno moja tu, anarudi mpaka langoni kuanza upya. Papa Ilunga alikuwa na dawa yake. Alikwenda kumkuta mwanafunzi ukutani, akasimama mbele yake, akamwambia: "Simama. Sasa sema ileile, umesimama tu vile." Basi hapo kimya. Miguu ikigoma, na somo limegoma.

Kuna mwaka klasi nzima ilijua kila ukurasa kwa mwendo huo. Siku ya mtihani maswali yakaja yamegeuzwa, mwisho umewekwa mwanzo, na watoto wakatoka kituoni nyuso zimepauka. Mnajua desturi yetu matokeo yanapotoka: anayefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anapita barabarani mweupe kama mwokaji mikate, na mtaa mzima unajua. Mwaka ule kwetu poda ilibaki madukani. Papa Ilunga alinitazama tu, akasema watoto wale hawakuwa wavivu, walikosa mtu wa kuwasimamisha. Muda mfupi baadaye alistaafu, akarudi kwao kaskazini, na habari zake zikapotea. Sikupata hata kumuaga vizuri. Jambo hilo linaniuma hadi leo, zaidi sasa ninapojua mwalimu aliyestaafu anakaaje.

Ya pili niliyojifunza, niliifundishwa jikoni kwangu.

Mke wangu Veronique, ambaye wanafunzi wote walimwita Mama Vero, alikuwa mtoto wa mchimbaji wa Kipushi na shule aliiacha klasi ya nne ya msingi. Mchana alipenda kukaa kwenye kiti chake kifupi cha mbao mlangoni pa jikoni, ungo magotini, akichagua mawe katika maharagi. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Esperance. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili, na mjomba wake alikuwa amekwisha kusema: akianguka tena, vitabu basi, atapelekwa Mokambo kuuza unga mpakani. Alikaa kwa shangazi aliyeshinda sokoni tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mchana mmoja akaja kwangu na kaye yake ya biolojia anieleze moyo, nami nilikuwa nimezama katika kusahihisha karatasi. Nikamwambia, ili anipishe kidogo tu, "Nenda umweleze mama pale jikoni."

Akaanza kwa Kifaransa. Vero hakuinua hata kichwa.

"Miye natoka Kipushi, sitoke Ulaya," akasema. "Niambie na Kiswahili."

Esperance akababaika, akatafsiri, akapita haraka haraka kutoka ventrikali ya kulia mpaka mapafu. Kisha nikamsikia amenyamaza. Akaja mezani kwangu machozi yanamlengalenga. "Prof, mama iko analala."

Kweli. Ungo magotini, kidevu kifuani. Msimlaumu, alikuwa ameamka alfajiri. Alipofungua macho hakuona haya hata kidogo.

"Ile damu, nilikuwa naifuata muzuri tu," akamwambia. "Ikafika fasi moya pale kwenye njia, ikanipotea. Rudia kwa kaye, mama, uitafute. Kesho utakuya kuniambia ilipita wapi."

Tangu siku hiyo Esperance alikuja kila mchana. Vero hakujua biolojia, na wala hakutaka kuijua. Alikuwa na maharagi yake. Lakini usingizi wake ulikuwa wa haki. Mtoto aliyekariri tu, mama alilala. Mtoto aliyeelewa nusu, mama alipiga miayo. Mtoto aliyeelewa, vidole vilisimama juu ya ungo. Mchana mmoja nikasikia maharagi yamenyamaza, kisha sauti ya Vero.

"Ngoja kwanza. Kama moyo inatuma damu, na damu inarudi yote, ile inamwangika nikijikata na kisu, ni nani anairudisha?"

Esperance akajigusa mfupa wa mkono. Halafu akamjibu, kwa Kiswahili chetu cha hapa hapa, kwamba ndani ya mifupa kuna fasi inatengeneza damu mpya kila siku, hata mtu akiwa amelala. Vero akapigapiga goti lake kwa kiganja. "Eh! Kumbe mufupa iko na kazi!" Nami nikaweka chini biki niliyokuwa nikisahihishia. Nilijua yule mtoto amefaulu, na mtihani bado uko mbele.

Matokeo yalipotoka, Esperance alikimbia kutoka barabara kubwa na kopo la poda, lakini hakujimwagia yeye. Alimmwagia Vero, kichwani, mabegani, kote. Vero akapiga kelele, "Wee mutoto, maharagi yangu!" Tulikula maharagi yenye harufu ya poda ya watoto, na sikumbuki chakula kilichonipendeza zaidi. Mokambo Esperance alikwenda hata hivyo, miaka ya baadaye, kwa hiari yake, na mume na biashara yake mwenyewe. Diploma ameitundika dukani juu ya magunia.

Basi habari ikasambaa. Jikoni kwetu wakawa wanapanga mstari. Mpaka shuleni ikawa msemo wao, "Mama Vero akisinzia, rudi kwa kaye," mtu ameuchonga kwenye benchi la nyuma na adhabu sikumpa. Kuna kijana mmoja mwenye sauti laini alimlaza Vero majira yote, kila siku bila kukosa, na bado akafaulu vizuri. Mungu ana siri zake.

Sasa yale mnayonidai, nitayasema kama yanavyonijia. Wanafunzi wenu waanze mapema, kidogo kila siku, wasingoje Mei ndipo wameze mwaka mzima. Somo walikimbialo ndilo liwe la kwanza asubuhi, kichwa kikiwa kipya, kwa sababu jioni kila mtu anapenda kurudia lile analolijua. Kaye ifungwe, waseme. Wakikwama ifunguliwe, wasome palepale walipokwama, ifungwe tena. Maswali ya miaka iliyopita ni mazuri, lakini yaje baada ya kuelewa, maana wako wanaokariri kwamba jibu ni herufi ya tatu bila kujua swali lilitaka nini. Kusoma kikundi, sawa, ila watu wakizidi wanne hicho tena ni kikundi cha mpira. Ubao kuupiga picha na simu si kusoma. Simu ndiyo inayojua, na simu haiingii kituoni. Umeme ukikatika, msiwahurumie sana, jua linachomoza bure. Biki zinazobarikiwa kanisani, nami nilipeleka zangu enzi hizo, sina neno nazo. Ila biki itaandika kile mkono unachojua. Na siku ya mwisho walale. Mtoto aliyekesha anafika mtihanini na kichwa kilichojaa usingizi wa watu wengine wote.

Lakini kubwa ni hili: kila mwanafunzi atafute mtu mmoja asiyejua somo, amweleze kwa lugha ya nyumbani. Nyanya, muuza makaa, kaka anayetengeneza pikipiki, yeyote. Hapo ndipo somo linapotoka kwenye karatasi na kuingia kwa mtu. Kila mwaka wako watoto wasio na mtu kama huyo nyumbani, na kwa hao tulikuwa na Vero.

Vero alinitoka mwaka mmoja kabla ninyi hamjanipa saa. Presha, hospitali, siku chache, basi. Kilio kilipokwisha na watu wakakunja viti vyao, nikakichukua kile kiti kifupi nikakigeuza kikatazama ukuta nyuma ya mlango. Mtoto wetu wa kiume yuko Kolwezi, wa kike ameolewa Lusaka. Jumapili wananipigia simu, tunaulizana hali ya hewa. Usingizi ulinikimbia tangu hapo. Nalala chali, nasikiliza. Mchana najaribu, vilevile hakuna.

Majira ya marudio yaliyofuata wanafunzi walikuja tena langoni na makaye yao, kama kila mwaka. Niliwafungulia, nikawaambia, "Hakuna muntu hapa." Niliwaambia hivyo nikiwa nimesimama mbele yao. Wakatazamana, wakaondoka kwa adabu. Waliokuja siku iliyofuata niliwaambia vilevile, na baada ya hapo hawakuja tena. Mjue basi kwamba wazee wengine upweke wao wameufungia lango wenyewe, na komeo nimelivuta mimi.

Mwaka huu, mtihani ukiwa umekaribia, akagonga msichana mmoja. Mkononi ana mfuko wa unga wa mpakani, na kitenge kipya kwenye plastiki.

"Yambo, Papa. Ni kwa Mama Vero hapa?"

"Hakuna muntu hapa," nikasema. Mdomo ulikuwa umezoea.

Akanitazama juu mpaka chini, amechanganyikiwa. "Lakini Papa, uko."

Ni Nadege, mtoto wa Esperance. Alikuwa ameanguka mtihani mwaka uliopita, option ya umeme, yaani mchepuo wa ufundi wa umeme, na mama yake alikuwa amemtuma kutoka Mokambo akae kwa ndugu yao hapa komini ya Kenya, aje kila mchana kueleza masomo kwa Mama Vero, kama yeye alivyofanya. Habari ya kifo haikuwa imewafikia Mokambo. Kitenge kilikuwa cha Vero. Nilimwambia pale pale langoni, sikujua njia nyingine. Akakaa kwenye ngazi, akalia, na hajawahi hata kumwona. "Mama yangu anamusemaka kila siku," akasema. "Kila siku, Papa." Nami nikalia, mbele ya mtoto wa watu na mfuko wa unga, kwa mara ya kwanza tangu kilio kiishe.

Alipotulia akaniambia shida yake bila kuzunguka. "Nikianguka tena, nabakia kule mupakani, nauza unga. Mama hatanikataza kusoma, lakini feza haitakuwako tena. Na miye nataka kazi ya kuran, ile ya umeme. Sasa nitamwambia nani masomo?"

Nikamwambia aingie, aniambie mimi. Nani asiyejua kusikiliza? Akaanza na biolojia ya moyo, labda kunifurahisha. Hakufika mbali. Alisema ateri, nikamsahihisha. Alisema vali, nikamalizia. Alitafuta neno, nami nikawa nimekwisha kulisema, na la mbele yake, na la mbele ya hilo. Miaka yangu yote ya chaki ilinitoka mdomoni. Akaifunga kaye yake taratibu.

"Papa Prof, usikasirike. Weye unajua sana. Nikifungua kinywa, umekwisha kumaliza. Mama alisema nitafute muntu hajue."

Akaniaga kwa heshima, akaenda. Nikabaki na saa yenu. Niliona uchungu kuliko siku mliyoniaga, nawaambia kweli. Nilidhani nimepata mtu, kumbe hata kutojua kumenishinda.

Kesho yake, mchana uleule, lango likagongwa. Nadege hakuingia ukumbini. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni.

"Leo nakuletea kitu hauyui," akasema. "Transfo."

Hiyo kweli siijui. Transfo naijua ile ya barabarani inayolipuka tunakaa gizani wiki nzima, basi. Nikaenda nyuma ya mlango, nikakigeuza kiti, nikakitoa. Magoti yalilalamika, maana ni kifupi mno, sijui Vero aliwezaje. Nikachukua ungo, nikamwaga maharagi. Nikanyosha mkono anipe kaye, na kwa kuwa kabati iko mbali, nikaikalia.

"Sasa sema," nikamwambia. "Na Kiswahili."

Akaanza. Kuna chuma katikati, akasema, na waya umezungushwa upande huu mara nyingi, na waya mwingine upande ule mara kidogo, na hizo waya mbili hazigusani. Nilimfuata. Nilitoa jiwe moja, jiwe la pili. Kuran inapita kwenye waya wa kwanza, na ule wa pili, ambao haukuguswa na kitu, nao unaamka. Hapo sikuelewa, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kutamu. Palikuwa na sauti ya mtu jikoni. Ilipanda, ikashuka, ikatafuta neno, ikalipata. Saa sikuisikia tena.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa limehama kutoka ukutani mpaka chini kwenye sakafu. Ungo haukuwa magotini. Maharagi yalikuwa yamechaguliwa yote, mawe yamewekwa pembeni kwenye kifuniko. Nadege alikuwa uani karibu na ukuta. Hakuwa anatembea. Alikuwa amesimama, macho amefumba, midomo inakwenda polepole.

Akaniona nimeamka, akaja.

"Papa, ulilala."

"Nililala," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nzito, ya mtu aliyelala kweli. Nikapangusa uso.

"Kosa ni yangu. Nilitaka kurudia kwa kaye, lakini umeikalia."

Nikainuka kidogo, nikaivuta, nikampa. Akafungua ukurasa, akasoma mistari michache palepale kwenye mlango, akiitikia peke yake kwa kichwa. Kisha akaifunga, akanirudishia, nami nikaiweka pale pale ilipokuwa.

"Nilikupoteza wapi?" akauliza.

"Kwa waya ya pili. Ile inaamka na hakuna kitu kimeigusa."

"Ah. Ni kweli, pale nilipita mbio." Akanitazama. "Naanza tena? Ao Papa umechoka, nikuye kesho?"

Nikavuta ungo magotini, na maharagi yenyewe yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa.

"Anza, mama," nikamwambia. "Muntu iko."